Sahihi Si Ridhaa



Neno letu la leo ni ridhaa. Nimelifundisha hapa Kigali kwa miaka kadhaa, nikidhani ninalielewa, hadi nilipomtia mama yangu aibuni kwa kalamu yangu mwenyewe.

Mama ana ugonjwa wa kisukari. Mwaka jana nilimsindikiza kwenye kituo cha afya, akahudumiwa kwa mituweli, yaani bima ya afya ya jamii. Kabla hatujaondoka tulipewa fomu ya kurasa mbili. Mama hakuwa na miwani yake, foleni ilikuwa ndefu, nami nilikuwa na kipindi saa tano. Nikatia sahihi kwa niaba yake bila kufungua ukurasa wa pili.

Wiki mbili baadaye, mama alikuwa ameketi na wenzake wa ikimina, kikundi chao cha kuweka akiba, simu yake ikalia. Yeye husikiliza simu zote kwa kipaza sauti kwa sababu masikio yake yamechoka. Sauti ngeni, yenye adabu, ilijitambulisha kuwa ni ya shirika linaloshirikiana na kituo, kisha ikauliza kama anaendelea kujichoma sindano za insulini. Wote wakasikia. Mama hakuwa amemweleza hata mmoja wao. Jioni aliniuliza, "Mwanangu, nani aliwaambia?"

Aliyewaambia ni mimi.

Ridhaa, kuridhia na kuridhika ni maneno ya shina moja, lenye asili ya Kiarabu. Mwenye kuridhia ameelewa jambo, amelipima, kisha amelikubali kwa hiari yake. Sahihi ni alama ya mkono tu, na mkono waweza kuandika huku moyo haujui lolote.

Sheria ya Rwanda inaitambua tofauti hiyo. Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayohusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha, inaziweka habari za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Ridhaa hutolewa kwa hiari, kwa jambo mahususi, na mtu aliyekwisha kuelezwa. Aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote. Tena, anayepaswa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa ni yule anayekusanya taarifa, si mgonjwa.

Hata hivyo, si kila taarifa husubiri ridhaa. Ugonjwa wa Marburg ulipozuka nchini mwaka 2024, wahudumu wa afya waliwafuatilia watu waliokuwa wamekutana na wagonjwa, na bila majina kazi hiyo haiwezekani. Mituweli nayo haiwezi kulipia matibabu ya mtu isiyemjua. Lakini zipo kazi ambazo jina halina faida kwazo. Tangu mwaka 2016, ndege zisizo na rubani hupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga. Anayeirusha ndege anahitaji kujua hospitali ipi na damu ya kundi gani. Jina la mama anayejifungua halimsaidii kitu. Kwa hiyo kila mshirika wa huduma ya afya apimwe kwa kazi yake: anahitaji kujua nini, na kwa sababu gani?

Nilirudi kituoni pamoja na mama. Muuguzi alituomba radhi, akatusomea ukurasa wa pili polepole. Jina la shirika lilikuwapo, pamoja na nafasi mbili za kuchagua: kutoa vipimo, na kutoa namba ya simu. Mimi nilikuwa nimezikubali zote. Mama alifikiri kidogo, kisha akasema, "Sukari yangu waihesabu, huenda ikawafaa wengine. Namba yangu waifute." Muuguzi akaandika hivyo, na safari hii mama alitia sahihi mwenyewe.

Zoezi la juma hili: andikeni kwa Kiswahili sanifu maswali matatu ambayo mngemuuliza anayewapa fomu kituoni. Nawaanzishia la kwanza: "Samahani, nani mwingine atakayeisoma karatasi hii?" Mkisha kuyaandika, wasomeeni wazazi wenu kwa Kinyarwanda.