Gauni Moja, Malkia Wengi

Akina mama wengi tunapenda tamthilia za zamani, zile za malkia na mabinti wa matajiri wa Uingereza, wenye magauni yanayofagia sakafu na kofia zenye manyoya. Watoto wakishalala tunakaa kidogo mbele ya televisheni, tunasifu mavazi yale na kukisia gharama yake. Lakini jambo ambalo wengi wetu hatujalisikia ni kwamba sehemu kubwa ya nguo zile si mpya. Zimeshavaliwa na mwigizaji mwingine, katika hadithi nyingine, na zitavaliwa tena.

Jijini London ipo nyumba ya kukodisha mavazi iitwayo Angels. Historia yake inaanzia mwaka 1840, wakati Morris Angel alipokuwa akiuza nguo zilizokwisha kuvaliwa. Sisi tungeziita mitumba. Waigizaji wa jukwaani, ambao siku zile walijitafutia mavazi wenyewe, walimwomba awakodishie badala ya kuwauzia. Biashara ikakua, na leo ghala lake lina mavazi zaidi ya milioni moja. Mwaka 2008 ilichukua pia akiba ya mavazi ya BBC. Nyumba nyingine ya London, Cosprop, ilianzishwa mwaka 1965 na John Bright, aliyekuwa mwigizaji. Yeye na Jenny Beavan walipata tuzo ya Oscar kwa mavazi ya filamu ya A Room with a View ya mwaka 1985.

Utaratibu wao si mgumu kuuelewa. Mwigizaji mkuu akihitaji gauni jipya, mara nyingi nyumba hiyo hulishona, watengenezaji wa filamu hulikodi, na kazi ikiisha gauni hurudi ghalani. Miaka ikipita hutolewa kwa ajili ya tamthilia nyingine. Aliyelivaa kwanza alikuwa bibi mwenye nyumba. Wa pili huenda akawa mgeni tu anayepita nyuma ya meza ya karamu. Fundi hubadilisha lesi ya shingoni, huondoa utepe, hufupisha mikono, na mtazamaji hatambui.

Mfano mmoja unajulikana sana. Filamu ya Anne of the Thousand Days ya mwaka 1969, inayomhusu Mfalme Henry wa Nane na mkewe Anne Boleyn, ilipata Oscar ya mavazi. Aliyeigiza mfalme ni Richard Burton. Mwaka 1971 joho lake lilionekana tena mabegani mwa Sid James katika Carry On Henry, filamu ya vichekesho kuhusu mfalme huyohuyo. Joho likatoka kwenye huzuni likaingia kwenye kicheko, wala halikupungukiwa heshima.

Nguo hizo hudumuje? Kwenye mishono huachwa kitambaa cha ziada kwa ndani, ili gauni lipanuliwe kwa mnene na kupunguzwa kwa mwembamba. Mgongoni mara nyingi huwa na kamba za kukaza au kulegeza. Kwapani hushonewa vitambaa vidogo vya kunyonya jasho, ambavyo hufumuliwa na kufuliwa peke yake, maana hariri na shanga hazivumilii kufuliwa kila siku. Ndani hushonwa lebo yenye jina la mwigizaji, na katika gauni la siku nyingi huweza kukutwa majina zaidi ya moja.

Tumeyaeleza haya kwa sababu ya mzigo ulioingia katika nyumba zetu. Harusi moja sasa ina kicheni pati, sherehe ya kumuaga binti, na harusi yenyewe, na kila moja ina sare yake. Kitenge huvaliwa siku moja, kisha hukunjwa kabatini kwa kuwa "kimeshaonekana." Wapo wenzetu wanaokopa kwenye kikoba kwa ajili ya sare huku mtoto akisubiri viatu vya shule. Wapo pia wanaobaki nyumbani siku ya furaha ya ndugu yao, kwa sababu tu gauni walilo nalo lilivaliwa kwenye harusi iliyopita. Hapo shida si nguo tena. Undugu umekatwa na kitambaa.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Walituonya tusitegemee vya watu, na walisema kweli. Lakini kurudia nguo yako mwenyewe si kuazima, wala kumrithisha binti yako gauni si aibu. Ikiwa joho la filamu iliyopata tuzo lilivaliwa tena mbele ya ulimwengu mzima, kwa nini mama aone haya kurudia kitenge chake mbele ya mawifi na majirani?

Basi tufanye kama wale mafundi. Tumwombe fundi wetu aache upindo mpana na ziada ya kutosha ubavuni, maana miili yetu hubadilika baada ya kila uzazi. Sare ya harusi ishonwe kwa mtindo unaofaa kuvaliwa hata kanisani Jumapili. Na tunapokaa kwenye kamati, tuchague rangi badala ya kitambaa kimoja, ili mwenye nguo ya rangi hiyo aje nayo bila kukopa.

Neno la Mungu linatueleza kwamba Hana alimpelekea mwanawe Samweli kanzu ndogo mwaka hata mwaka. Mama yeyote anaelewa sababu: mtoto alikuwa anakua. Hakushona nyingine kwa kuwa watu wa Shilo walikwisha kuiona ile ya kwanza. Na Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa hai. Nguo zile hazikuwa mpya, lakini ndizo zilizomshuhudia.

Akina mama wenzetu, mwaliko wa harusi ukija, tufungue kabati kabla ya kufungua pochi. Na tukimwona mwenzetu amekuja na gauni la mwaka jana, tumsogezee kiti, tukae naye, tufurahi pamoja.