Kamusi imo, ila haijapakiwa

Najua nimepotea kidogo. Leo nina kisa cha kujiumbua mwenyewe.

Mwezi uliopita niliandika habari ya foleni ya malori hapa Tunduma. Gazeti likatoka na neno "wafanyabaishara". Kosa ni langu. Laptopu yangu ilikuwa inapiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, sahihi na bovu, mpaka nikazoea kuudharau. Dada mmoja wa steshenari ndiye aliyenionyesha. "Kaka, na digrii yako yote?" Nikakosa jibu.

Ningeweza kupakua kamusi ya nyongeza nikamaliza kwa dakika chache. Ila ubishi wa uandishi ukanishika: kwa nini isiwemo tangu mwanzo? Nikashusha msimbo mzima wa LibreOffice, programu ninayoandikia, ili niijenge mwenyewe.

Kumbe imo! Kwenye fungu la kamusi kuna folda ya sw_TZ, yenye orodha ya maneno iliyoandaliwa na Jason Githeko. Hata Hunspell, mtambo wa kukagua tahajia, unakuja humohumo. László Németh aliutengeneza kwa ajili ya Kihangari, lugha inayobandika viambishi kama yetu. Wala Kiswahili si mgeni huko: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na OpenOffice ndiyo iliyozaa LibreOffice mwaka 2010.

Basi jioni nikachagua lugha ya sw-TZ, nikaiacha mashine ijenge, nikalala. Asubuhi menyu zina Kiswahili, lakini kamusi hakuna. Usiku mzima wa umeme umekwenda bure!

Tatizo lilikuwa mstari mmoja. Kwenye faili la maelekezo, autogen.input, nilitakiwa kuongeza --with-myspell-dicts. Usipouandika, kamusi zote zinaachwa nje. Mawakala wa forodha wa hapa wangenielewa haraka: mzigo unaweza kuwa juu ya lori, lakini kama haumo kwenye karatasi, hauvuki kwenda Nakonde.

Nikauandika, nikajenga upya, nikaandika "wafanyabaishara". Mstari mwekundu huo! Sijawahi kufurahia kusahihishwa namna ile.

Huwa tunalalamika kwamba Kiswahili hakimo kwenye kompyuta. Mimi pia nilikuwa mlalamikaji. Kumbe kuna watu walikesha miaka mingi wakakiweka, na sisi hatujafungua hata folda.

Programu nimeibeba kwenye flashi, nikaiweka kwenye kompyuta ya yule dada anayechapa barua za watu. Neno la kwanza aliloandika ni jina langu. Likapigwa mstari mwekundu. Alicheka mpaka wateja wakageuka.

Alamsiki.