Ukungu wa Nje, Ukungu wa Ndani

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo Kitale tunavyo kwa wingi. Ukungu ni ule unaotanda asubuhi ya Julai, bodaboda wakiwasha taa saa moja na nusu kama vile bado ni usiku. Ukungu pia ni yale madoadoa meusi nyuma ya kabati, yanayonuka kama gunia lililosahauliwa kwa stoo. Watu wa Nairobi wakisikia naishi Kitale huniuliza bei ya mahindi. Kuhusu ukungu wa pili hakuna anayeniuliza, na ndio ulioninyima usingizi mwaka jana.

Mji wetu uko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mvua ikianza Machi au Aprili haitupi pumzi ya maana mpaka Oktoba hivi. Usiku wa Julai baridi inafika digrii 12, na sawa, si baridi ya Ulaya, lakini huko Ulaya nyumba zina mitambo ya joto. Sisi tuna mawe, plasta na mabati. Kwa hivyo unafanya kile ambacho kila mtu hufanya: unafunga. Dirisha, pazia, kitambaa chini ya mlango, na yale matundu ya hewa juu ya dirisha unayaziba kwa gazeti. Kwenye ploti yetu gazeti halikuhitajika. Mwenye nyumba alipopiga rangi upya na kuweka dari, fundi alipitisha plasta juu ya matundu yote. Keja zikapendeza, kodi ikapanda.

Naishi na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliye kazini Saudia. Ana miaka sita na ana pumu. Kuanzia Juni, usiku kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi hadi mimi nalala nikihesabu pumzi zake badala ya kondoo. Dada akipiga simu alikuwa anasikia hiyo filimbi kabla hata hajasalimia. Agosti shule zikifungwa tulimpeleka Bungoma, kwa kukhu wake, yaani mama yangu, nje kidogo ya Kanduyi. Wiki haikuisha, kifua kikatulia. Septemba akarudi Kitale. Siku ya nne, filimbi.

Pale kliniki nilitarajia kuulizwa kuhusu vumbi na paka. Badala yake daktari aliuliza, “Analala ukuta gani?” Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akatikisa kichwa tu. Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, na kwamba wanaoishi kwenye nyumba za namna hiyo huugua kifua na pumu zaidi. Sisi huku tunasema “ni baridi tu” na kuongeza sweta.

Sasa, mimi nafanya kazi kwenye agroveti. Kazi yangu nusu ni kuwaambia watu mahindi yao hayajakauka. Mkulima analeta sampuli, naiweka kwa mashine, inasoma 17, uso unamwanguka, kwa sababu ya kuhifadhi inatakiwa isizidi asilimia 13.5. Hakuna mtu Trans-Nzoia anayehitaji kuelezwa kinachotokea ukifunga mahindi mabichi ndani ya stoo isiyo na hewa. Mwaka 2004 watu 125 walikufa huko Ukambani kwa sumu ya kuvu iliyoota kwenye mahindi. Mji mzima unajua kupima unyevu wa gunia, na hakuna anayepima chumba ambamo mtoto analala. Nikaagiza kakipimo kadogo ka hewa, kale ka ukubwa wa kiberiti. Asubuhi ya kwanza kalisoma 88. Kuvu hupenda sana ikishapita 80.

Maji hayo yanatoka wapi na paa halivuji? Kutoka kwetu. Hewa ya digrii 20 inaweza kubeba kama gramu 17 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa ikafika digrii 10 inabeba kama 9 tu. Zinazobaki lazima zitue mahali, na zinatua penye baridi kuliko pengine pote: kioo, mabati, kona ya ukuta nyuma ya kabati. Ndiyo maana unasema dirisha linatoka jasho. Tunapumua usiku kucha, tunaanika sare ya shule kwenye kiti, tunachemsha maharagwe saa mbili nzima. Halafu kuna gesi. Hili lilinishangaza kuliko yote: gesi ikiungua inatengeneza maji. Mtungi mmoja wa kilo sita ukiisha umemwaga ndani ya nyumba zaidi ya lita tisa za mvuke. Ni kama mtu amekuja na ndoo akamwagia kuta polepole, mwezi mzima.

Ushauri wa ploti ni jiko la makaa. “Washa jiko, nyumba itakauka.” Kweli makaa hayatoi mvuke mwingi na joto lake ni tamu. Lakini Julai hiyo jirani wa namba nne alileta jiko ndani makaa yakiwa mekundu, bila moshi hata kidogo, akafunga mlango akalala na watoto wawili. Aliyewaokoa ni mtoto mkubwa, aliyeamka kutapika akafungua mlango. Tuliwabeba hadi barabarani saa tisa usiku, mama hawezi kusimama, anasema tu kichwa, kichwa. Wote walipona. Hewa ile ya makaa haina rangi wala harufu, na inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Makaa yasiyo na moshi ndiyo watu huyaamini, na ndiyo ya kuogopwa. Ningeomba kila gunia la makaa linalouzwa Kitale liandikwe hivyo kwa herufi kubwa.

Nikiwa Bungoma niliongea na mama kuhusu nyumba ya nyasi ya nyanya yangu, ambayo mimi niliikuta uzeeni mwake. Kati ya ukuta wa udongo na paa kulikuwa na nafasi, mkono unapita. Moshi ulitokea hapo, na kwenye nyasi zenyewe. Udongo ulikunywa unyevu usiku ukautoa mchana. Mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya moto, makavu mpaka yanalia. Nilikuwa naanza kuipenda sana hiyo nyumba, nikaona kuna insha nzuri hapa kuhusu hekima ya wazee. Mama akanikata: “Na macho ya nyanya yako yaliharibiwa na nini? Na malaria tuliipatia wapi? Mbu waliingia hapo hapo.” Ndiyo hali. Lile tundu linalotoa moshi ndilo linaloingiza mbu, na Bungoma, iliyo chini yetu kwa karibu mita 500 na yenye joto, malaria si hadithi. Mpwa wangu mwenyewe alirudi nayo likizo moja.

Na hapo ndipo mambo yakawa mazito. Dada alitaka mtoto ahamie Bungoma kabisa. Mama alikuwa tayari. Mimi nikaomba wanipe muhula mmoja.

Mwenye nyumba ni mkulima, na huniita daktari kama wanavyotuita wote wa agroveti. Nikamkaribisha chai, nikamwekea kile kipimo mezani.

“Mzee, ukiletewa gunia linanuka kama chumba hiki, utanunua?”

“Daktari, chumba si gunia.”

“Ni kweli. Gunia huwa mnaligeuza juani.”

Akacheka, lakini akaniambia matundu yataleta baridi na mbu, na kwamba ukungu unatokana na wapangaji wasioosha kuta. Mwaka juzi alikuwa amepiga rangi juu ya madoa. Yalirudi baada ya miezi miwili, meusi kuliko kwanza. Kilichomgeuza si hesabu zangu. Ni jirani wa namba nne, aliyeingia akaketi bila kusema neno. Mzee akamwangalia muda mrefu, kisha akaniuliza fundi ni pesa ngapi. Tukakubaliana: yeye analipa fundi, mimi wavu wa mbu na rangi, na ni namba nne na yangu tu kwa sasa. Nyumba nyingine sita bado zimezibwa. Naliandika hilo hapa akijua kwamba ninaliandika.

Fundi alitoboa juu, pande mbili zinazotazamana, ili hewa iingie huku itokee kule. Tundu moja peke yake halifanyi kazi sana. Nikasugua ukuta kwa sabuni na jiki, nikauacha ukauke siku tatu kabla ya rangi, nikasogeza kitanda na kabati mkono mmoja kutoka ukutani. Nikipika nafungua dirisha na kufunika sufuria. Nguo zinakaa kwa veranda hata zikichukua siku mbili.

Jambo ambalo majirani hawaniamini ni hili: nafungua madirisha hata asubuhi ya ukungu. Wueh, wananiona nimerukwa na akili. Lakini hewa ya nje ya digrii 12, hata ikiwa imelowa kabisa, ina maji machache kuliko ile tuliyopumulia usiku. Ikiingia ikapata joto hadi 20, unyevu wake unashuka hadi asilimia 60 hivi. Dakika kumi zinatosha, halafu unafunga.

Nyumba sasa ni baridi zaidi usiku, nisikudanganye. Tumeongeza blanketi. Filimbi haijaisha; inakuja akiwa na homa, inapotea. Dawa yake ya kuvuta bado iko kando ya kitanda na itabaki hapo. Dada anasema tutaona Julai ikipita.

Kazi ya kusoma kipimo nimempa mwenyewe. Kila asubuhi anaandika namba kwenye daftari, napiga picha, namtumia mama yake. Jana aliandika 71, akauliza kama hiyo ni kufaulu. Nikamwambia kwa shule ndiyo, kwa chumba tunaelekea, kwa mahindi hata usinitajie.