Mahindi na Bibi Harusi Mgeni



Wengi mnatujua kwa magauni na mabuibui. Sisi ni wanawake wawili wa Unguja, tuna duka la kushona nguo za harusi hapa Tunduma, mkoa wa Songwe, jirani kabisa na Nakonde ya Zambia. Leo tuzungumze habari ya mahindi.

Alikuja binti wa kwetu kupima gauni, anaolewa Mbozi. Tunamzungushia futi kiunoni, machozi yanamtoka. Shangazi wa mume kasema mbele za watu: "Huyu wa pwani, ugali wetu atauweza?" Tukamkalisha, tukamtilia chai, tukamwuliza: mwanangu, hayo mahindi wanayojivunia asili yake wapi?

Jina lenyewe lasema. Sisi Waswahili tunaita muhindi, kana kwamba umetoka Uhindini. Ng'ambo ya mpaka, wasemao Kinyanja wanaita chimanga, na wapo wanaolihusisha jina hilo na Manga, yaani Uarabuni, kama tusemavyo pilipili manga. Waturuki wanaita mısır, Misri hiyo. Waitaliano wanasema granturco, nafaka ya Kituruki. Kila mmoja kamtaja mgeni aliyedhani ndiye kaileta.

Kumbe wote wamekosea! Mahindi yalianza kulimwa Mexico, maelfu ya miaka iliyopita, na hayakuenea ng'ambo ya bahari ila baada ya safari ya Columbus ya 1492. Kabla yake, wazee wa nyanda hizi walikula ulezi na mtama. Leo Songwe ni nchi ya mahindi, na hakuna anayeyaambia yarudi kwao.

Hatukumwambia kuwa neno la shangazi haliumi. Linauma, nasi tulipofika huku tuliambiwa mengi. Tulimwambia asijibu kwa ulimi, aende jikoni akaombe kufundishwa.

Aliporudi kujaribu gauni alikuwa na lengelenge kidoleni. Ugali wa kwanza ulitoka mabonge matupu. Shangazi aliula wote, kisha akamwonyesha namna ya kushika mwiko. Samahani hajaomba mpaka leo, lakini sasa anamwita "mwanangu".

Bibi harusi unayekwenda ugenini, usione haya kuitwa mgeni. Na wewe shangazi unayesoma, mpokee kwa wema. Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zetu. Amin.