Kabla ya kumlaumu dada wa kazi kwa bando kuisha

Mtoto akizaliwa, ukoo mzima hukaa kutafuta jina. Kompyuta ikiletwa nyumbani, hakuna anayeuliza inaitwaje. Kumbe nayo ina jina, na hulitaja inapobisha hodi kwenye mtandao wa nyumba.

Jina hilo kwa kawaida hupatikana siku kifaa kinapowashwa mara ya kwanza. Kompyuta nyingi za Windows hujiita DESKTOP, kisha hufuata mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Kifaa kikijiunga na Wi-Fi, huiomba ruta namba ya kutumia, na mara nyingi hutaja jina lake katika ombi hilohilo. Ruta hutoa namba na kuliandika jina kwenye orodha yake, bila kuchunguza kama ni la kweli.

Vifaa pia huulizana vyenyewe. Kwa utaratibu uliochapishwa rasmi mwaka 2013, printa au kompyuta hutangaza jina linaloishia na “.local”. Kwanza huuliza kama lina mwenyewe. Likiwa limeshachukuliwa, hutafuta jingine, mara nyingi kwa kuongeza 2 mwishoni.

Haya huonekana mambo ya mafundi hadi bando linapoisha kabla ya wakati. Baba anafungua orodha ya ruta, anakuta jina lisiloeleweka, na dada wa kazi anatuhumiwa kumpa jirani neno la siri. Kumbe mgeni huyo ni televisheni ya sebuleni.

Dawa ni familia kuvipa vifaa vyake majina yanayoeleweka: “kompyuta-sebule”, “printa-ofisi”. Jina kamili la mtoto na shule yake lisiwemo, maana kishikwambi kikiunganishwa na Wi-Fi ya hotelini kinaweza kulitangaza hata huko.

Hata hivyo, jina si kitambulisho. Jirani mjanja anaweza kuiita simu yake “Simu ya Baba”, na ruta ikaliandika hivyohivyo. Likitokea jina geni, vifaa vya nyumbani vizimwe kimoja kimoja, na ruta ipewe muda wa kuliondoa jina la kilichozimwa. Vyote vikizimwa na jina hilo bado lipo, neno la siri la Wi-Fi libadilishwe. Hayo yafanyike kabla ya mtu yeyote ndani ya nyumba kuitwa mwongo.