Rangi ya Rejeta

Nyumba tunayopanga Chicago ni ya zamani, na wakati wa baridi hupashwa joto na rejeta za chuma zinazojazwa mvuke. Zote zilikuwa zimepakwa rangi ya fedha. Mama, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alikaa kando ya mojawapo amejifunika kanga mbili juu ya koti, akaniuliza, “Mwanangu, lichuma hili lina kazi gani?”

Swali lilikuwa la haki. Rangi ya fedha ina unga wa alumini, nao huzuia sehemu ya joto lisitoke. Mwanasayansi William Coblentz alilipima jambo hili Marekani miaka ya 1920. Wengi husifu rangi nyeusi, lakini nyeupe isiyo na unga wa metali hutoa joto karibu sawa nayo. Tena kinachohesabika ni tabaka la juu tu. La fedha laweza kubaki chini.

Hilo lilinituliza. Rangi za zamani huwa na risasi, iliyopigwa marufuku majumbani Marekani mwaka 1978, na kitinda mimba wangu alikuwa akitambaa, kila kitu kinywani. Sikukwangua wala kupiga msasa. Mwezi Mei, rejeta zikiwa baridi, niliziosha kwa sabuni na kitambaa, kisha nikapaka mikono miwili myembamba ya rangi inayostahimili joto. Mama alichagua rangi ya maziwa. (Mimi nilitaka kijani.)

Oktoba mvuke uliporudi, rangi ilinuka siku mbili, madirisha wazi. Mama, akiwa Tanga, alipiga simu kuuliza kama mtoto ameanza kusimama kwa kushika rejeta.