Keki ya Kumpokea Mtoto

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma na mavazi peke yake. Hukaa pia jikoni, katika chakula tunachokiandaa na katika namna tunavyokipamba siku ya furaha. Mtu akitaka kujua jamii inamthamini nani, na aitazame sinia: nani amewekewa nini, na kwa heshima gani. Kwa sababu hiyo hatuoni haya kuandika hapa juu ya keki, jambo ambalo wengine wataliona dogo mno kwa kitabu cha namna hii.

Keki tunayoikusudia ni ile inayokatwa katika sherehe ya kumkaribisha mtoto kabla hajazaliwa. Sherehe hii imeenea sana katika miji yetu. Mama mjamzito huketishwa mahali pa heshima. Ndugu, majirani na wenzake wa kazini humletea beseni, sabuni, nguo changa na khanga. Vigelegele hupigwa, nasaha hutolewa, na mwishoni keki hukatwa. Kwa asili desturi hii si yetu. Imetufikia kutoka Marekani, na wazee wengi wa kwetu bado huitazama kwa jicho la wasiwasi, kwa kuwa wao walifunzwa kutomshangilia mtoto kabla hajalia.

Hatusemi kwamba ikataliwe kwa sababu ni ngeni. Mahindi tunayosongea ugali yalitoka Amerika, na chapati ilitoka Bara Hindi, na leo hakuna anayeviita vitu hivyo vya kigeni. Lakini mgeni anapobisha hodi na mzigo begani, mwenye nyumba ana haki ya kuuliza mzigo huo una nini. Katika mzigo wa keki hii mna rangi mbili: rangi ya waridi kwa mtoto wa kike na rangi ya buluu kwa mtoto wa kiume. Mwenye kwenda kuagiza keki huulizwa kwanza achague mojawapo, kana kwamba hakuna njia ya tatu ya kumkaribisha binadamu duniani.

Msomaji asidhani kwamba rangi hizo zimewekwa na maumbile. Huko huko zilikotoka hazina umri mkubwa. Katika karne ya 19 watoto wachanga wa Marekani, wa kike kwa wa kiume, walivishwa magauni meupe, kwa kuwa nguo nyeupe ikichafuka huweza kuchemshwa ikatakata. Ipo picha ya mwaka 1884 ya Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa Rais wa nchi hiyo, ambamo mtoto huyo amevaa gauni na nywele zake ni ndefu. Wala wazazi wake hawakuona ajabu. Mwanahistoria Jo Paoletti, aliyeandika kitabu juu ya mambo haya mwaka 2012, ameeleza kwamba mwaka 1918 jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto liliwashauri wasomaji wake kinyume kabisa cha haya ya leo: waridi iwe ya wavulana kwa kuwa ni rangi yenye nguvu, na buluu iwe ya wasichana kwa kuwa ni rangi laini. Mpango tuujuao leo ulipata nguvu baada ya Vita Kuu ya Pili, na wenye maduka walikuwa na faida yao ndani yake, maana mzazi mwenye nguo za rangi moja hulazimika kununua nyingine akipata mtoto wa jinsi ya pili.

Na keki yenyewe ilipata kazi mpya juzi tu. Mwaka 2008, mwandishi mmoja wa Marekani, Jenna Karvunidis, alikata keki mbele ya jamaa zake, na krimu ya waridi iliyofichwa ndani ikawajulisha kwamba mtoto ni wa kike. Habari hiyo ilienea, na watu wakaanza kushindana. Wengine waliacha keki wakashika moshi na baruti. Mwezi wa Septemba mwaka 2020, katika jimbo la California, chombo cha kutoa moshi katika sherehe ya namna hiyo kiliwasha moto uliounguza zaidi ya hekta 9,000, na mzimamoto mmoja akapoteza maisha. Mwaka mmoja kabla ya moto huo, mama yule aliyeanzisha jambo hili alikuwa amekwisha kutangaza kwamba anajuta, na kwamba binti yake, yule aliyekatiwa keki ya waridi, mwenyewe hupenda kuvaa suti.

Hayo ni ya mbali. Lakini rangi hizi zimeingia hata nyumbani mwetu, na hapo ndipo tulipoona uzito wake. Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, alikuwa na mimba ya tatu. Wawili wa kwanza ni wasichana. Alipokaribia kujifungua, mawifi zake waliamua kumfanyia sherehe, na mama mkwe wake, mtu mwema tusiye na ugomvi naye, akatoa shauri kwamba keki iwe ya buluu tupu. “Wawili wa kike tumepata, Mungu ashukuriwe,” alisema. “Sasa tumwite wa kiume kwa rangi yake.”

Mpwa wetu alikuja kwetu jioni moja pamoja na watoto wake. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alieleza shida yake kwa sauti ya chini. “Mjomba,” alisema, “keki hiyo nitaketi mbele yake, na wanangu hawa watakuwa ubavuni mwangu. Ikiwa ni ya buluu, nitawaambia nini?” Alitaka tumtungie maneno ya kuandikwa juu ya keki, kwa kuwa sisi ndio tunaojulikana katika ukoo kwa kutunga mashairi, lakini tulitambua kwamba maneno peke yake yasingetosha.

Kabla hatujamjibu, binti yake mkubwa, mwenye umri wa miaka saba, alitusogelea akauliza, “Babu, keki yangu mimi ilikuwa ya rangi gani?” Tulimwambia ukweli, kwamba siku zake hapakuwa na keki, nyumba nzima ilikula wali wa nazi kwa furaha ya kuzaliwa kwake. Aliridhika na jibu hilo. Sisi hatukuridhika, maana tulifahamu kwamba mtoto yule alikuwa amesikia mazungumzo ya watu wazima na anatafuta mahali pake ndani yake. Keki ya buluu isingebadili chochote tumboni mwa mama yake. Ingefanya jambo moja tu: kuwaambia wasichana wawili walio hai kwamba wao walikuja wakati ukoo ukimngoja mtu mwingine.

Lugha yetu haina kosa hilo. Kiswahili kinaposema “mtoto amezaliwa”, “yeye amelala”, “mwana analia”, hakimlazimishi msemaji kutaja jinsi. Mtoto, mwana, mjukuu, mpwa, mgeni, yote hayo ni majina ya mtu kabla ya kuwa majina ya mwanamume au mwanamke, na yote yamo katika ngeli moja na mtu. Hata siasa yetu ilichota katika kisima hicho. Katika miaka ya ujamaa tulipoitana “Ndugu”, neno lilikuwa lile lile kwa Waziri na kwa mkulima, kwa baba na kwa mama. Kiswahili kinao uwezo kamili wa kutaja jinsi pale inapohitajika; ila hakiitangulizi mbele ya utu. Basi yafaa nini lugha impokee mtoto kwa utu wake, halafu keki impokee kwa masharti?

Tulikwenda kumwona mama mkwe. Tulimkuta akipanga zawadi zake, na juu yake pamewekwa doti mpya ya khanga. Tulimwuliza kwa adabu, “Mkwe wetu, doti hii uliyomnunulia mjukuu ni ya kike au ya kiume?” Alicheka akajibu, “Khanga ina kike na kiume? Khanga ni ya kumbebea mtoto.” Kisha akanyamaza, akaitazama ile doti, na hatukuwa na haja ya kuongeza neno. Jibu alikuwa nalo mwenyewe tangu zamani. Kila mmoja wetu, mvulana kwa msichana, alibebwa mgongoni kwa khanga. Na khanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa ndiyo iliyochanwa ikawa winda lake.

Hivyo keki ilitengenezwa kwa mfano wa khanga, na twapenda kueleza ilivyokuwa ili anayetaka aweze kuiga. Khanga ina sehemu tatu: pindo, ambalo huizunguka pande zote nne; mji, ambao ni uwanja wa katikati; na jina, yaani maneno yaliyoandikwa upande wa chini wa mji. Keki ilikuwa ya pembe nne. Mji wake ulikuwa wa njano, pindo likawa jeupe lenye madoa ya kahawia, na katikati yakachorwa makorosho mawili yanayotazamana, maana korosho ni pambo la zamani katika khanga zetu. Hatukuchukua kisutu, yenye weusi, wekundu na weupe, kwa kuwa hiyo aghalabu ni khanga ya bibi harusi, na kila jambo lina siku yake.

Rangi hizo hazikuhitaji kuagizwa ng’ambo. Njano hupatikana kwa manjano kidogo ya jikoni, kahawia kwa kakao, kama ile inayolimwa Kyela, na weupe kwa sukari iliyosagwa na kukandwa kwa tui zito la nazi. Mwenye kutaka wekundu na achemshe choya.

Zipo namna nyingine nyingi. Keki ya duara yaweza kupambwa kwa mistari inayopishana kama mkeka wa ukindu, ambao ndio kitanda cha kwanza cha watoto wengi wa pwani. Yaweza kuchorwa twiga na ndama wake, mnyama ambaye ni alama ya taifa letu. Au ndege na samaki kwa mtindo ulioachwa na mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Yaweza pia kuzungushiwa mazao ya nchi: korosho za Mtwara, karafuu za Pemba, buni za Kagera. Na asiye na tanuri asijione mnyonge. Mkate wa kumimina wa Unguja, unaotengenezwa kwa mchele uliolowekwa na kusagwa pamoja na tui, hamira na iliki, kisha ukaokwa kwa moto wa juu na chini, huiva ukiwa na rangi ya dhahabu. Ukinyunyiziwa zabibu hauhitaji pambo jingine, nao unamfaa mtoto yeyote wa Adamu.

Yalibaki maneno. Tulitunga beti moja, isomwe kabla ya kukata:

Karibu mgeni wetu, ingia kwetu nyumbani,
U tunda la mti wetu, ulokomaa tumboni,
Jina lako mwana wetu, lingali hapo njiani,
Hudaiwi kitu kwetu, shuka chini kwa amani.

Juu ya keki, mahali pa jina la khanga, paliandikwa maneno matatu ya kwanza kwa herufi kubwa. Beti ilisomwa na yule binti wa miaka saba. Mama mkwe ndiye aliyeanza vigelegele, na kisu alikishika pamoja na wajukuu wake wote wawili. Mtoto alizaliwa salama majuma matatu baadaye, akapokewa katika ile doti. Jinsi yake hatutaitaja hapa, kwa kuwa Kiswahili kinaturuhusu, na kwa kuwa vigelegele vyake havikupungua wala kuzidi kwa ajili hiyo.

Ndugu walimu, watoto mnaowafundisha wamekwisha kupokewa duniani, kila mmoja kwa namna yake. Wengine walipigiwa vigelegele vingi, wengine walikutana na kimya. Hatuwezi kuirudisha siku ile. Lakini darasani twaweza kuwauliza wanafunzi wapeleleze: mtoto hupokewaje katika ukoo wao, kwa chakula gani, kwa wimbo gani, na je, mtoto wa kike na wa kiume hupata sawa? Waandike majibu ya bibi na babu zao, kisha wayapime kwa akili zao wenyewe. Yaliyo mema wayatunze, na yanayompunguzia mtu thamani wayaache, yawe yametoka Marekani au yamezaliwa hapa hapa kijijini. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakumtaka mgeni aseme kwanza ni wa jinsi gani.